Kubomoa na kujenga upya jengo la mjini baada ya tetemeko: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Tetemeko likishapita na uokoaji ukaisha, kila mwenye jengo lililopasuka mjini anaulizwa swali moja kila siku, unabomoa lini? Na hapo ndo watu wanapoharibu. Asubuhi kijiko (mashine ya kuchimba na kubomoa) kinaletwa, jioni kiwanja kiko cheupe, wote wanashangilia, alafu baada ya mwaka mmoja limesimama jengo jipya lenye ugonjwa ule ule uliomuangusha mwenzake. Mimi nasema jengo lililopasuka ni kama majibu ya maabara ambayo umeshayalipia tena kwa bei mbaya, ukilizoa kabla hujalisoma umechana majibu. Kwahiyo kwenye huu mwongozo kubomoa kunakuja katikati, sio mwanzo.

Hatua ya 1: Zima, funga, tulia

Gesi kwanza, alafu umeme, alafu maji. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi hata ya kuzimia, toka nje na mwite mtu wa kampuni ya gesi akafunge kwenye valvu ya barabarani. Matanki ya maji ya juu ya paa nayo yanasahaulika sana, lita 5,000 ni tani 5 zimekaa juu ya nguzo zilizopasuka, yamwage kama inawezekana bila mtu kupanda juu.

Alafu weka uzio. Wengi wanazungushia utepe mita 2 kutoka ukutani, huo ni mchezo. Mimi nachukua urefu wa jengo kwenda juu mara moja na nusu kila upande, jengo la mita 20 uzio uko mita 30, na kama mtaa ni mwembamba basi mtaa wote unafungwa hata kama wenye maduka ng'ambo watakasirika. Christchurch kule New Zealand baada ya tetemeko la Februari 2011 katikati ya jiji palizungushiwa uzio na sehemu ya mwisho haikufunguliwa mpaka katikati ya 2013, zaidi ya miaka 2. Watu walilalamika sana, na walikuwa na haki ya kulalamika maana biashara zilikufa, ila majengo yale yalikuwa bado yanacheza kila mtetemo mpya ukija.

Hatua ya 2: Kukagua, na maana halisi ya rangi

Sehemu nyingi duniani wanatumia karatasi za rangi mlangoni, mfumo uliotoka California mwaka 1989. Kijani unaingia, njano unaingia kwa masharti, nyekundu huingii. Ni mfumo mzuri kwa kazi yake, ila kazi yake ni ukaguzi wa haraka, mtu ana dakika chache tu kwa jengo moja. Kijani haimaanishi jengo ni imara, inamaanisha mkaguzi hajaona uharibifu uliolidhoofisha kuliko lilivyokuwa jana yake. Kama lilijengwa vibaya toka mwanzo, kijani haiwezi kulisafisha.

Mfano unaouma ni jengo la CTV huko huko Christchurch. Septemba 2010 lilipita tetemeko la kwanza, jengo likakaguliwa likapewa kijani, watu wakarudi kazini. Tarehe 22 Februari 2011 likaja lingine, dogo kwa kipimo ila karibu zaidi na jiji na halikuwa na kina kirefu, jengo lote la ghorofa 6 likashuka na kuua watu 115. Watu wote waliokufa kwenye tetemeko lile ni 185, yaani jengo moja lilibeba zaidi ya nusu.

Sasa baada ya ukaguzi wa haraka lazima aje injinia wa miundo mwenyewe, na wewe mwenye jengo uwe unajua anatafuta nini ili asikuletee ripoti ya ukurasa mmoja. Mwambie akuonyeshe haya:

- Nyufa za umbo la X ukutani, hasa kwenye vipande vya ukuta kati ya dirisha na dirisha. Jengo lilisukumwa kulia likapasuka, likasukumwa kushoto likapasuka tena. Kwenye ukuta wa kujazia tu sio mwisho wa dunia, kwenye ukuta unaobeba mzigo ni habari mbaya.
- Nguzo, juu na chini pale zinapokutana na boriti. Plasta ikidondoka igonge, angalia ndani, kama zege limevunjika na nondo zimepinda nje kama matumbo hiyo nguzo imekufa hata kama bado imesimama.
- Ghorofa ya chini. Juu vyumba vyenye kuta nyingi, chini maduka au parking yenye vioo na nguzo tupu, mtikisiko wote unakimbilia chini kwenye ulaini.
- Ukuta wa nusu uliobana nguzo mpaka katikati ili juu yake pawe na dirisha refu. Nguzo ya mita 3 inageuka kuwa fupi ya mita 1, inabeba nguvu nyingi kuliko wenzake na inakatika.
- Pale jengo lako lilipogongana na la jirani, hasa kama slebu zao (sakafu za zege za kila ghorofa) hazilingani kimo na slebu ya mwenzako inapiga katikati ya nguzo yako.
- Ngazi. Kuna jengo refu Christchurch lilibaki limesimama vizuri kabisa ila ngazi zote mbili ziliporomoka, watu wakakwama juu.

Kuegema pima mwenyewe kwa timazi ndefu (uzi wenye uzito mwishoni) ukiwa upande salama au mwite mpima ardhi na mashine yake. Kama jengo limebaki limelala kwa zaidi ya nusu asilimia hivi, yaani sentimita 5 kwa kila mita 10 za kwenda juu, kulinyoosha mara nyingi kunakula hela kuliko kujenga upya. Na kwenye nyufa bandika kipande cha plasta ya ukutani kinachovuka ufa, andika tarehe juu yake. Mtetemo mwingine ukija ufa ukifunguka plasta itakatika na utajua jengo bado linasogea. Ni njia ya kizamani ila inafanya kazi.

Hatua ya 3: Kabla ya nyundo ya kwanza, kusanya ushahidi

Hii ndo hatua inayorukwa na ndo naipigia kelele. Piga picha kila nguzo inayofikika kwa usalama, kila ghorofa, zipe namba kwenye mchoro. Kama michoro ya zamani imepotea mlipe mtu apime achore upya. Sampuli za zege zinatobolewa na mashine ya duara zinapelekwa maabara, vipande vya nondo vinakatwa vinapimwa, na vingine vinaweza kuchukuliwa jengo likiwa linashushwa ilimradi mtu wa kuviandikia vimetoka wapi yupo pale pale. Uturuki baada ya Februari 2023, matetemeko mawili makubwa siku moja, waendesha mashtaka walichukua sampuli za zege na nondo kwenye vifusi maana bila hizo huwezi kumfikisha mkandarasi mahakamani, na kule ambako kifusi kiliondolewa haraka familia zilibaki na maneno matupu.

Hata kama hakuna kesi unataka majibu ya maswali matatu kwaajili ya jengo jipya. Zege lilikuwa na nguvu kiasi gani? Nondo ziliwekwa kama mchoro ulivyosema? Na ardhi ilifanya nini, ilizama, ilitoa mchanga na maji, au ilitulia?

Kwenye hatua hii hii malizana na makaratasi. Jengo la mjini mara nyingi lina wenye vyumba 30, benki 5 na wapangaji ambao mali zao bado ziko ndani. Kila mtu asaini, bima waje waone kwa macho yao wapige picha zao, maana ukishabomoa bila wao kuona unawapa sababu ya kukulipa nusu. Jirani wa kila upande nenda na kamera ingia kwake pia, piga nyufa zake zote pamoja naye, asaini. Usipofanya hivyo kila ufa wa mtaani utakuwa umeuleta wewe.

Mali za watu zitatoka kwa utaratibu, kama injinia amekubali: watu wawili wawili, dakika kadhaa, mtu nje na filimbi. Akikataa imekataliwa, pasipoti sio sababu ya kufa.

Hatua ya 4: Toa sumu kwanza

Asbesto. Mabati ya zamani ya simenti, mabomba, dari, vifunika mabomba ya moto, gundi ya vigae. Likibomolewa kavu kavu, nyuzi zinaruka hewani na hazionekani, ugonjwa wake unatokea hata miaka 20 mpaka 40 baadaye. Kobe, Japani, tetemeko la Januari 1995, jiji lilibomolewa kwa haraka, na miaka mingi baadaye wapo waliofanya kazi ile ya kubomoa waliougua saratani ya asbesto ikathibitishwa kwamba ilitokana na kazi. Kwahiyo apime mtu mwenye ujuzi, iloweshwe, itolewe nzima nzima bila kuvunjwa, iwekwe kwenye mifuko minene miwili miwili yenye alama, na barakoa iwe ile ya kuchuja kweli sio ya kitambaa. Kama jengo ni hatari mno kuingia basi kifusi chote kinahesabika kina asbesto, kinabomolewa kwa maji mengi na kinapelekwa peke yake.

Alafu toa taa za mirija (zina zebaki), betri, mafuta ya jenereta, gesi za friji, transfoma za zamani. Zisichanganyike na kifusi.

Hatua ya 5: Kubomoa kwenyewe

Mtu wa kubomoa tafuta mwenye injinia wake anayekuandikia mpango wa maandishi: nini kinatoka kwanza, nini kinashikilia nini, mashine inasimama wapi. Asiye na mpango ana kijiko tu.

Kuna njia kama nne. Kwa mkono na jakihama, polepole ila ni nzuri pale ukuta wako na wa jirani umeshikana. Kijiko chenye mkono mrefu kinachong'ata kutoka chini, hiki kwa jengo lililoharibika ndo nakipenda kuliko vyote kwasababu mtu haingii ndani. Vijiko vidogo vinavyonyanyuliwa na kreni mpaka juu vikashuka ghorofa kwa ghorofa, hii kwa majengo marefu ambayo mkono haufiki na slebu zake zimethibitishwa kubeba. Na baruti. Baruti inapendeza kwenye video, ila kwenye jiji lililotoka kutikiswa sijui nani anaitaka: lazima watu waingie kutoboa nguzo, jengo ambalo nguzo nusu zimeshavunjika haliangukii unakopanga, na mtikisiko na vumbi vinaenda kwa majirani ambao nao wako hoi. Ina nafasi yake kwa jengo lililo peke yake. Ila hoteli ya Grand Chancellor ya Christchurch, ghorofa 26, haikupigwa baruti: ilikuwa imeegema baada ya ukuta wake mmoja kuvunjika chini, walianza kwa kuutia nguvu ule ukuta uliovunjika alafu wakalishusha kutoka juu kwenda chini. Ilichukua muda, lakini walilishusha walivyotaka wao.

Mpangilio ni kinyume cha kujenga. Vya ndani visivyobeba (milango, dari, vioo) vinatoka kwanza kama ndani panaingilika, alafu paa, alafu slebu, boriti ndogo, boriti kubwa, nguzo mwisho, ghorofa moja iishe ndo uguse nyingine. Balkoni na chochote kinachoning'inia nje kitoke kabla ya kile kinachokishikilia kwa ndani, ukikata cha ndani kwanza cha nje kinapinduka na mtu wako.

Sasa kosa linaloua mafundi wengi: kurundika kifusi juu ya slebu. Kifusi cha zege chenye kina cha mita 1 kwenye eneo la mita 1 ya mraba kina uzito wa kama tani moja na nusu, wakati slebu ya makazi ilipigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 200 hivi kwa mita ya mraba, tena ikiwa nzima. Kwahiyo kifusi kishuke kila wakati, na ghorofa mbili au tatu chini ya mashine zijazwe mirunda au propu za chuma.

Kingine, uliza kama slebu zina nyaya za chuma zilizovutwa ndani. Ukikata waya ule bila kuulegeza kwanza unafyatuka kama risasi na slebu yote inaweza kushuka kwa mara moja. Ramani ndo itakuambia, au mtu mwenye mashine ya kusoma zege. Ndo maana nilisema kusanya karatasi mapema.

Maji ya kunyunyiza yafanye kazi muda wote, vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu. Mtu mmoja kazi yake iwe kutazama timazi na nyufa basi, asipewe kazi ingine, na mtetemo ukija wote watoke, jengo likaguliwe upya ndo warudi. Nimeshaona mkandarasi mmoja akicheka utaratibu huu mpaka siku ukuta wa pembeni ulipokaa chini wakati watu wako chai. Hakucheka tena.

Hatua ya 6: Kifusi

Chambua pale pale kama nafasi ipo. Zege linasagwa linakuwa kokoto ya kuwekea chini ya barabara. Tofali nzima zisafishwe, ziende kuta zisizobeba. Nondo ziuzwe chakavu, na hapa naomba unisikilize: usinyooshe nondo zilizopinda ukajengee. Ile nondo ilishavutwa kupita kiasi, kunyumbulika kwake kumeisha, mara ya pili inakatika. Mafundi wanafanya hivi kila mahali maana chuma kinapanda bei baada ya tetemeko, wewe weka mtu wa kuhakikisha zinaondoka saiti.

Kifusi kikitupwa mabondeni au ufukweni kinakuwa ardhi ya mtu kesho. Kobe na bandari ya Lyttelton karibu na Christchurch walikitumia kupanua bandari, kwa mpango na hesabu. Bila hesabu unapata kama mtaa wa Marina kule San Francisco, ambao umekaa juu ya udongo wa kujazia, mwaka 1989 ardhi ililainika ikawa kama uji na majengo yenye gereji chini yakaanguka wakati mitaa ya kwenye mwamba ilipona.

Hatua ya 7: Uliza ardhi kama inakutaka

Kiwanja kikiwa cheupe toboa mashimo ya kupima udongo, yafike chini ya msingi kwa mita nyingi, na uangalie maji yako kina gani. Mchanga laini wenye maji ndo unaogeuka uji. Dawa zipo: kushindilia ardhi kwa kina, nguzo za kokoto, nguzo ndefu za msingi mpaka kwenye tabaka gumu, au msingi mmoja mzima chini ya jengo lote. Na kuna ardhi dawa yake ni kuondoka. Serikali ya New Zealand ilinunua nyumba takriban 8,000 za Christchurch ikaacha maeneo yale wazi, hayajengwi tena.

Ardhi pia inachagua urefu wa jengo. Jiji la Mexico mwaka 1985, tetemeko lilitokea pwani zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, lakini jiji limekaa juu ya tope la ziwa la zamani, na tope lile likawa linabembea taratibu, kama sekunde 2 kwenda na kurudi. Hesabu ya haraka ya injinia ni kwamba jengo linabembea sekunde 0.1 kwa kila ghorofa, na likishapasuka linalegea linabembea taratibu zaidi. Jengo likibembea kwa mwendo sawa na wa ardhi, mtikisiko wake unazidi. Matokeo, vijumba vya chini vingi vilipona, vya kati, ghorofa 6 mpaka 15 hivi, ndo vilichakazwa. Kwahiyo injinia akikuambia hapa usijenge 10 jenga 4, muulize hesabu yake kabla hujamwita muoga.

Hatua ya 8: Kujenga upya

Sasa toa ule ushahidi wa hatua ya 3, uweke mezani na injinia wa jengo jipya, na kila ugonjwa wa la zamani uwe na jibu kwenye mchoro mpya. Kama chini palikuwa laini, kuta za zege zipande kutoka msingi mpaka paa bila kukatwa, zikae pande zote kwa ulinganifu, sio zote kona moja maana jengo litajisokota. Kama liligongana na jirani, acha nafasi, na nafasi isijazwe takataka. Nguzo ziwe na nguvu kuliko boriti, kwasababu boriti ikivunjika unapata ufa na nguzo ikivunjika unapata kifusi.

Ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo za nguzo, ndo roho ya nguzo. Zifungwe karibu karibu juu na chini ya nguzo, sentimita 10 hivi, kwa urefu usiopungua sentimita 45 au moja ya sita ya urefu wa nguzo au upana wa nguzo, kubwa ndo inashika. Ncha zake zikunjwe ziingie ndani ya zege, nyuzi 135, sio 90 za kufunga haraka ambazo plasta ikidondoka zinafunguka. Ziingie na kwenye maungio ya nguzo na boriti, pale fundi anapopaogopa maana mkono hauingii. Kuunganisha nondo za nguzo kufanyike katikati ya urefu, usiunganishe pale juu ya slebu. Kabla ya kumwaga zege piga picha kila nguzo na futi ya kupimia ikionekana, ukishamwaga hakuna mtu atakayejua tena.

Zege lipimwe, vipande vya majaribio vya siku 7 na siku 28, kutoka kwenye gari lile lile linalomwaga. Maji yasiongezwe saiti ili zege litelezeke. Mchanga wa bahari usiooshwa usifike getini. Limwagiliwe maji angalau siku 7. Haya yote yanajulikana na kila mtu, tatizo ni nani anasimamia, kwahiyo msimamizi asilipwe na mkandarasi hata kwa chai. Sheria nzuri peke yake haitoshi, Uturuki walikuwa na kanuni nzuri za tetemeko na mwaka 2018 ikatolewa nafasi ya kuhalalisha majengo yaliyokiuka kwa kulipa ada.

Kwa jengo ambalo lazima lifanye kazi siku ile ile, kama hospitali, kuna mito ya mpira na chuma yenye madini ya risasi katikati inayokaa kati ya msingi na jengo, ardhi inaruka jengo linaelea. Teknolojia hii ya risasi ilitoka New Zealand miaka ya 1970. Hospitali ya wanawake ya Christchurch ilikuwa juu ya mito hiyo mwaka 2011 na iliendelea na kazi. Gharama ipo, ila ipige hesabu pamoja na gharama ya kubomoa uliyotoka kulipa.

Usisahau vidogo: matanki yafungwe, dari ziwe na vishikizo, kuta za ukingo wa paa zifungwe kwa nondo, ngazi ziachiwe nafasi ya kuteleza bila kudondoka, gesi iwe na valvu inayojifunga ikitikiswa.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Michoro ya jengo kama lilivyojengwa kweli, picha za nondo, majibu ya zege na ripoti ya udongo, nakala moja kwa wenye jengo, moja mamlaka ya ujenzi, moja nje ya jengo lenyewe. Chini kwenye duka bandika ramani ukutani inayoonyesha ukuta gani na nguzo gani haziguswi, iwe kwenye mkataba wa kila mpangaji, maana atakuja mtu anataka kutoa nguzo moja tu ili vioo vya duka vionekane vizuri.